Antena Isiyo na Miguu: Nilivyofunga Redio ya CB Kwenye Lori Langu

Usiku mmoja wa Januari nilikwama masaa tisa kwenye barabara ya I-80, jimbo la Wyoming, magharibi ya mji wa Laramie. Upepo ulilitikisa trela mpaka kikombe cha chai kikahama mahali pake. Mbele yangu malori yalikuwa yamegongana na njia imeziba kabisa. Simu ilinionyesha barabara nyeupe hadi dakika ya mwisho. Ajali haina mwenyewe, hilo nalijua. Kilichoniuma ni kwamba pale Laramie niliona malori matatu mbele yangu yakikata kulia na kuegesha, nami nikayapita nikidhani wenzangu wamechoka. Kumbe walikuwa wameambiwa. Madereva waliokuwa wakitoka upande ule waliwapa habari kwa redio ya CB, ile ya kuongea gari kwa gari, chaneli ya 19. Mimi sikuwa nayo.

Kabla ya kuja Marekani nimeendesha miaka sita kati ya Mombasa na Malaba. Kule tunapeana habari kwa taa: mwenzio akikuwashia mara mbili, punguza mwendo, kuna jambo. Huku wanatumia sauti. Nilipotoka salama safari ile, niliapa sitarudi Wyoming bila redio.

Kuinunua hakukunisumbua. Redio zote za CB zinazouzwa kihalali hapa zina chaneli zilezile 40, karibu na megahezi 27, na nguvu isiyozidi wati 4 kwa sauti ya kawaida ya AM. Leseni ya mtu binafsi haihitajiki tangu 1983. Na ile sheria ya mwaka 2012 inayotukataza madereva wa malori kushika simu tukiendesha haiigusi CB. Nilichukua redio ndogo, antena ya faibagilasi yenye urefu wa futi 4, kishikio cha kufungia kwenye mkono wa kioo cha pembeni, kebo ya antena aina ya RG-58 na mita ya kupima SWR, yaani nguvu inayorudi kutoka kwenye antena. Ile mita nusura niiache dukani nikiona ni gharama ya bure.

Umeme niliumaliza asubuhi moja. Juu ya kiti cha dereva mna rafu ya redio yenye nguzo mbili za volti 12, nyekundu na nyeusi. Nilizipima kwanza kwa mita ya umeme, nikaunganisha, fyuzi ikabaki kwenye waya mwekundu. Wenzangu mlio nyumbani, hapa tahadharini: malori yetu mengi ni ya volti 24. Redio hii ukiichomeka moja kwa moja huko, imeungua. Lazima pawe na kipunguza volti katikati, na kabla ya hapo uliza mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako kuhusu kibali.

Kebo niliipitisha kwenye mpira wa bawaba za mlango ili mlango usiibane, nikaiachia mshuko kidogo kwa nje maji ya mvua yadondokee pale yasifuate kebo hadi ndani. Antena nikaifunga, ikasimama imara. Nikawasha. Nilisikia watu wawili kwa mbali, kama wanaongea ndani ya mtungi. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Kimya.

Nilipoweka mita ya SWR, mshale uliruka ukapita 3. Chaneli ya 1, juu ya 3. Chaneli ya 40, juu ya 3. Mita hiyo inakuonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinashindwa kutoka kwenye antena na kurudi redioni. Ikisoma 1.5 uko vizuri, 2 unaweza kuvumilia. Ikifika 3 acha kubonyeza maiki, maana nguvu inayorudi huunguza transista ya mwisho ya redio. Nikazima.

Kwenye egesho la malori pale Cheyenne kulikuwa na mzee mmoja wa Tanga, anaendesha huku miaka mingi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakuitazama redio hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye kishikio, akakigonga kwa ukucha.

"Mdogo wangu," akasema, "antena yako imesimama lakini haina miguu."

Nilimwambia, "Mzee, mbona nimeikaza kwa spana?"

"Umeikazia rangi hiyo. Chuma kiko wapi?"

Akanifafanulia, na ndilo jambo lililonifanya niandike haya. Wimbi la CB lina urefu wa karibu mita 11. Ile fimbo unayoiona ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bodi ya gari lenyewe, na bila bodi fimbo haina pa kukanyagia. Sasa mlango wa lori langu ni plastiki kwa nje, mkono wa kioo umepakwa rangi nzito, na kishikio kimekaa juu ya rangi hiyo. Tulichukua mita ya umeme, ncha moja kwenye kishikio, nyingine kwenye chasisi. Haikusoma kitu. Palikuwa hapapiti umeme kabisa.

Akanipa dokezo ambalo sijalisahau: SWR ikiwa juu kwenye chaneli zote, usihangaike na urefu wa antena, tafuta athi, yaani muungano wa antena na chuma cha gari, au kebo ambayo nyaya zake za ndani zimegusana.

Nilikifungua kishikio, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya. Nikaweka washa, kile kipete cha bolti, yenye meno, kisha waya mpana wa kusuka kutoka kwenye kishikio hadi bolti ya chuma cha kebini, nayo nikaipiga msasa. Ile washa ya plastiki inayotenga pini ya katikati na kishikio niliirudisha mahali pake kwa uangalifu, maana ikikosewa umeme unaishia hapohapo. Tukapima tena: panapita.

Tulilihamisha lori uwanjani, mbali na matrela mengine, milango tukaifunga. Chaneli ya 1 ilisoma 1.6, ya 40 ikasoma 2.1. Mzee akasema, "Ya 40 imezidi, basi antena ni ndefu." Kule juu ina skurubu. Niliishusha robo mzunguko, nikapima, nikashusha tena. Mara ya nne zikakaa 1.3 na 1.4. Nikaita chaneli ya 19 kuomba kupimwa sauti, na dereva aliyekuwa barabarani, kilomita saba hivi kutoka tulipo, akajibu kwamba ananisikia kama nimekaa kiti cha pili.

Februari nilipita tena njia ileile. Nilipoanza kuteremka kutoka kilele cha Sherman, mita 2,633, theluji ikivuka lami kwa ubavu, sauti ya mtu anayeelekea mashariki ikaingia: Arlington, mbele ya Laramie, lori limelala, limeziba njia zote mbili. Nilishika maiki nikairudia habari ile polepole, mara mbili, kwa walio nyuma yangu, kisha nikawasha indiketa ya kulia kuingia Laramie. Kwenye kioo niliona taa za nyuma yangu nazo zinaanza kumeta upande wa kulia, moja, halafu ya pili, halafu nyingi.