Kigae Kinacholia Bo

Fundi alivua kandambili mlangoni, akaingia bafuni pekupeku, akachuchumaa. Nilidhani anatafuta futi kamba yake. Kumbe alichotoa mfukoni ni sarafu ya shilingi 200, akaanza kugonga vigae kimoja kimoja. Ti. Ti. Bo. Ti. Bo, bo. Alipofika karibu na tundu la maji akainua uso.

"Mwalimu, unasikia?"

Nilisikia. Vile vya bo vilikuwa vinalia kama ndoo tupu. Akanipa ile sarafu pamoja na kipande cha chaki nilichokuwa nimekisahau dirishani, akaniambia nivigonge vyote, kila kinacholia bo nikitie alama. Nikapiga magoti. Kati ya vigae 35, nilitia alama 21.

Ilikuwa Juni 2019, Kihonda, Morogoro, kwenye nyumba tuliyohamia haijaisha, kama walimu wengi tunavyohamia. Vile vigae nilivibandika mwenyewe, mimi na mdogo wangu wa kiume, likizo ya Desemba iliyotangulia. Bafu lenyewe dogo, mita moja na nusu kwa mbili, nikaona kumlipa mtu ni kuchezea hela. Nikaangalia video kwenye simu, siku mbili kazi ikaisha, nikapiga na picha nikamtumia mume wangu aliyekuwa kazini Mtwara. Ilipendeza kweli. Ikapendeza kama wiki tatu.

Baada ya hapo maji yakaanza kukataa kwenda kwenye tundu. Ukioga yanageuka, yanapita chini ya mlango, yanatoka ukumbini. Tukaweka tambara. Tukaweka matambara mawili. Mama yangu alipokuja Pasaka akauliza kwa nini nyumba nzima tunaoga pamoja.

Huyo fundi nilielekezwa na jirani. Mzee wa makamo, mkimya, suruali imekauka simenti magotini. Nilipomwambia ukubwa wa bafu akacheka: kazi ya mita tatu haimlipi kuleta vijana wake kutoka mjini. "Nitakuja peke yangu. Saidia fundi utakuwa wewe." Nilidhani ni utani wa kunipunguzia bei.

Cha kwanza aling'oa kigae kimojawapo chenye alama. Aliingiza patasi, akaigonga mara moja, kikanyanyuka kizima kama kifuniko cha sufuria. Akakigeuza, akanionyesha mgongo wake. Kulikuwa na madonge matano ya simenti, manne pembeni na moja katikati, kama tano ya dadu. Kwingine kote palikuwa safi, hata ule unga mweupe wa kiwandani ulikuwa bado upo.

"Hiki ulikibandika, au ulikipumzisha tu hapa?"

Sikujibu. Akachukua kigae kipya kwenye boksi lililobaki, akamimina maji kidogo mgongoni. Maji yalitanda, yakafifia, yakapotea tukiwa tunayatazama.

"Yamekwenda wapi?"

"Kimeyanywa."

"Sasa wewe ulikibandika kikavu, kikanywa maji ya simenti yako. Simenti ikinyang'anywa maji kabla haijashika inakuwa nini?"

"Vumbi," nikajibu, kwa sauti ileile wanayonijibu wanafunzi wangu wakiwa wameshikwa.

Yule wa kwenye video hakuwa mwongo, niseme ukweli. Yeye alitumia gundi ya vigae na mwiko wenye meno, juu ya sakafu aliyokwisha kuiandaa. Mimi nikachukua mikono yake nikaacha vifaa vyake, tena sakafu yangu hakuiona. Angeiona angejua ni ya niru, simenti iliyopigwa ikalainishwa, unateleza ukiwa na soksi. Simenti haina pa kung'ang'ania hapo. Fundi alinipa patasi na nyundo, nikashinda asubuhi nzima naidonoa sakafu niliyokuwa nikijivunia, mpaka ikawa kama uso wa jiwe la kusagia. Malengelenge niliyoyapata siku ile nilienda nayo kazini shule zilipofunguliwa.

Mchana akaleta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, akaujaza maji. Ncha moja nishike mimi mlangoni, nyingine ashike yeye juu ya tundu. Maji yakapanda, yakashuka, yakatulia sawa pande zote mbili. Akatia alama ukutani, kisha akapima kuja chini. Tundu, ambalo lilipaswa kuwa bondeni, lilikuwa juu kuliko mlango kwa nusu sentimita. Miezi sita nilikuwa nikiyalaumu maji. Ikabidi lile tundu lishushwe, halafu tuchanganye mchanga na simenti tutengeneze mteremko: kila mita moja, sentimita moja na nusu kwenda chini. Alilaza ubao, akauvuta, akaweka pima maji, akauvuta tena. Jua likazama hatujabandika kigae hata kimoja.

Kesho yake ndipo aliponiaibisha vizuri. Alinyoosha futi kamba kwenye kona, akatia alama sentimita 60 upande mmoja na 80 upande wa pili.

"Pima toka alama hii mpaka ile. Soma."

"Mita moja na sentimita mbili."

"Ilitakiwa iwe ngapi?"

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Kidato cha pili ninawafundisha Pythagoras kila mwaka, na kila mwaka nawaambia ina manufaa katika maisha. Nikabaki nimeshika utepe mkononi. Ilitakiwa iwe mita moja kamili. Kuta zangu hazikuwa na pembe mraba, na mimi nilikuwa nimepanga vigae kwa kuufuata ukuta, ndiyo maana mstari wa mwisho ulianza na kipande cha upana wa kidole ukaishia na cha upana wa kiganja. Ubaoni pembetatu zangu hazina shida hiyo. Nazichora mwenyewe.

"Nani alikufundisha hii?" nikamuuliza.

"Tatu-nne-tano? Fundi wangu. Alinibebesha zege miaka miwili kabla hajanishikisha mwiko." Yeye aliishia darasa la saba. Cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, alikipata ukubwani, walipokuwa wanapima mafundi wa mtaani kwa ujuzi walio nao tayari. Alisema anakihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, na hakuna mteja aliyewahi kukiuliza.

Alivuta nyuzi mbili katikati ya chumba zikakatana mraba, tukaanzia hapo, vipande vya kukata vikaenda kujificha nyuma ya mlango. Vigae vilikuwa ndani ya beseni la maji vikichemka mapovu madogomadogo. Kila kilichoacha kutoa povu nilikitoa, nikakichuja maji, nikampa. Yeye anatandaza simenti yote, haachi mwanya, anapaka uji wa simenti mgongoni, anakilaza, anakigonga kwa nyundo ya mpira. Cha nane akanipa mimi. Nilikilaza, nikakigonga, nikaona kimekaa. Hakusema neno. Alinionyesha kidole tu: toa. Nikakitoa. Pembe moja mgongoni ilikuwa kavu, haikuguswa. Nikarudia. Toa. Mara ya tatu akanipa kingine.

Adhuhuri ilipoingia akanawa, akaenda msikitini, akaniachia vipande vinne vya nyuma ya mlango. Nilivipanga vyote kabla hajarudi, nikatoka nje nikaketi kwenye tofali nikinywa maji kama fundi.

Siku ya tatu tulijaza grauti, ule uji wa kuziba mianya kati ya vigae, ya nne akamwaga ndoo nzima ya maji. Yalikusanyika, yakazunguka, yakaondoka kwa mlio. Kisha akatoa sarafu, akagonga kuanzia dirishani. Ti, ti, ti, mstari baada ya mstari, mpaka nyuma ya mlango. Ti. Ti. Bo. Akagonga tena, palepale pembeni. Bo.

Akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Hiki nakuachia, Mwalimu," akasema, akarudisha sarafu mfukoni, akaulizia chai.

Bado kipo. Nikifunga mlango nikaoga, ndicho ninachokikanyaga nikiifuata taulo.