Nilivyojifunza kusoma ketuba za kale bila kujua Kiebrania

Mimi huchora kadi za harusi, kwa hiyo kilichonivuta kwanza ni mapambo. Nilikuwa natafuta nakshi za pembezoni kwenye intaneti nikaziona ketuba, hati za ndoa za Wayahudi, ambazo Maktaba ya Taifa ya Israeli imezipiga picha na kuziweka wazi kwa kila mtu. Zinazopendeza kuliko zote, kwa macho yangu, ni za Italia ya karne ya 17 na 18, zilizoandikwa juu ya ngozi: nguzo zilizosokotwa, maua, ndege, alama 12 za nyota, na pengine mji wa Yerusalemu juu kabisa. Bwana harusi akiitwa Isaka, usishangae kumwona Ibrahimu pembeni ameinua kisu.

Mtu wa pwani ataielewa upesi akiitazama kama kanga, maana ina pindo na ina mji, yaani sehemu ya katikati. Kwenye pindo huzungushwa maneno ya Biblia, mfano ile baraka ya kitabu cha Ruthu ya kumwombea bibi harusi awe kama Raheli na Lea. Lakini mambo yenyewe yamo mjini, tena kwa Kiaramu, lugha nisiyoijua kabisa. Nilichokuwa nacho ni Kiarabu kidogo cha chuoni na mazoea ya kusoma kutoka kulia.

Nilibandika ukutani herufi 22 za Kiebrania, ambazo ndizo zinazotumika kuandika Kiaramu hicho, nikaanza na neno la kwanza, lile kubwa ambalo mara nyingi hupakwa dhahabu. Hilo ni siku ya juma. Sabato haifungwi ndoa, kwa hiyo ni maneno sita tu ya kukariri. Angalia tu kwamba wao huhesabu kuanzia Jumapili: "siku ya nne" yao ni Jumatano, si Jumanne.

Baada ya tarehe na mwezi huja mwaka, umeandikwa kwa maneno. Mimi husaka "alafim", yaani maelfu. Kabla yake utakuta tano, baada yake mamia, na aliyehesabu Kiarabu chuoni atayatambua. Kisha toa 3760. Mwaka 5492 unakuwa 1732. Kwa ndoa ya kuanzia mwezi wa Tishri hadi mwisho wa Desemba toa 3761, kwa sababu mwaka wao huanza Septemba au Oktoba. Za Yemen zina hesabu nyingine ya kale, ya wafalme wa Kiseleuko, waliotawala baada ya Aleksanda Mkuu. Hapo unatoa 311, na miezi ile ya mwisho wa mwaka 312.

Jina la mji hutajwa pamoja na maji yake: Roma ni mji ulio kando ya mto Tiber. Hata mchoro hukudokeza. Ukiona simba wawili na jua linachomoza nyuma ya migongo yao, uko Isfahan, Iran.

Sehemu ya fedha ndiyo niliyokaa nayo zaidi. Zuzi (sarafu ya kale) 200 za fedha kwa bikira, 100 kwa mjane au aliyeachwa. Hazitolewi siku ya harusi; ni deni juu ya mume, mke atalidai akiachwa au akifiwa. Waislamu tunaijua mahari ya kuahirishwa, kwa hiyo hili halikunipa shida. Kisha huorodheshwa mali aliyokuja nayo mke na nyongeza ya mume, kwa fedha ya mahali, kama dukati za Venice. Katika ketuba nyingi za huko kuna matao mawili, na chini ya tao la pili yamo masharti: kwa mfano, mke akifa bila mtoto, mali yake irudi kwao kiasi gani. Mambo ya kifo na talaka, na ndege waliopakwa rangi wamekaa juu yake!

Tarehe, mji na kiasi sasa navitoa mwenyewe. Kwa masharti bado nategemea muhtasari wa maktaba, kwa sababu huandikwa kwa herufi ndogo zilizobanana.