Tanki wa kuanzisha vita, na Diggie upande wa pili

Katika timu yetu ya Mobile Legends, mchezo wa simu wa watano kwa watano, hapa Lubumbashi mimi ndiye tanki, yule shujaa mgumu anayetangulia mbele. Wawili wako Katuba, wawili komini ya Kenya, mimi nakaa Kamalondo, zote za hapa mjini. Kazi yangu ni kufungua vita: namchezesha shujaa Tigreal, naruka kwa Flicker, uwezo wa kuhama ghafla, hadi katikati ya maadui, napiga Implosion, ulti yake, yaani pigo lake kubwa kuliko yote, wanavutwa wote mahali pamoja na wenzangu wanamalizia. Wakiwa hawana jibu, kazi hiyo ni tamu. Wakiwa na shujaa Diggie, ni mateso.

Huyu Diggie ni bundi mzee asiyetisha mtu kwa mapigo. Lakini ulti yake inawafungua wenzake wote walio karibu, haijalishi umewafunga kwa njia gani, na kuwapa ngao juu yake. Ulti yako na Flicker vyote vimekwenda, wao wanatembea tu. Flicker inarudi baada ya sekunde 120. Na Diggie hata akifa anageuka yai, anaendelea kukuchokoza. Huyo mzee nilimchukia kweli.

Kilichonisaidia ni kumchezea Diggie mwenyewe kabla ya kuwafikiria wengine wanne. Vita vya kugombea Turtle, yule kobe wa katikati ya ramani, vikikaribia, naingia kwa Sacred Hammer peke yake, pigo dogo la Tigreal, nambeba mpigaji wao kidogo, Implosion naibakiza. Diggie wengi wana woga. Wakiona Tigreal amesogea, wanabonyeza. Hapo narudi nyuma haraka na kusema kwenye maiki, “Ametoa!” Vita vya kweli tunaanzisha baada ya hapo, kabla ulti yake haijarudi. Kijana anayecheza mpiga mishale wetu ndiye aliyekuwa mgumu kuzoea. Kila nikigeuka alilia: “Yaya (kaka mkubwa), ingia! Ingia basi!” Nikamwambia, “Peti (mdogo wangu), acha kwanza mzee atoe.” Siku hizi yeye ndiye ananiwahi: “Yaya, hana ulti, twende.”

Kama bado sijachagua shujaa, namwacha Tigreal, nachukua Franco, tanki mwenye ndoano. Ulti ya Franco inamshika mtu mmoja kiasi kwamba hawezi kubonyeza chochote, hata Purify, uwezo wa kujifungua. Namvuta Diggie mwenyewe kwa ndoano kutoka majanini, nambana, anakufa na ulti yake mkononi. Ndiyo maana naomba nichague wa mwisho, ingawa wengi wanapenda tanki atangulie. Ila Franco anataka rezo nzuri, yaani mtandao. Jioni, kartier (mtaa) nzima ikiwa kwenye simu, ndoano yangu inapita mahali alipokuwa adui, siyo alipo. Jioni kama hiyo nabaki na Tigreal.

Valir, mchawi wa moto, ni shida ya aina nyingine. Moto wake unakusukuma nyuma kabla hujafika, na ulti yake inamfungua yeye mwenyewe. Kumkabili uso kwa uso ni kujichosha. Nanunua Conceal, kifaa cha kutuficha, tunazunguka pembeni tukiwa tumejificha, nafika kwake akiwa anaangalia njia ya kati.

Karrie, mpigaji wa mbali, yeye haogopeshwi na chuma. Kila pigo la tano linakata kulingana na ukubwa wa uhai wako, na ulinzi ulionunua haulipunguzi. Kwa hiyo mbele yake sisimami kupokea mapigo. Ama naingia na timu iko mgongoni kwangu tayari, ama siingii, hata kama Lord, jitu kubwa la ramani, anapigwa.

Anayebaki ni Wanwan, naye mpigaji wa mbali. Sindano zake zinamfungua kila mara, tena zinarudi upesi, kwa hiyo ile hila ya kumsubiri atoe haina faida. Tukiwa kwenye daraja la Epic kwenda juu, ambako kuna kufungia mashujaa kabla ya kuchagua, namwomba anayefungia aanze naye. Akikataa, nachukua Franco, rezo iwe vyovyote.