Siku moja maishani mwangu: kupima risasi za bastola kubwa Tanga

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku ya kupima risasi huianza mara tu baada ya swala, kwa kuwa Tanga jua likishapanda kutoka baharini halimsubiri mtu, na baruti ya kisasa huwaka kwa nguvu zaidi inapopata joto. Makasha mawili ya risasi yamelala ndani ya sefu usiku kucha, yote mahali pamoja, ili yafike uwanjani yakiwa na joto moja. Kasha lililoachwa juu ya dashibodi ya gari kutoka Ngamiani hadi nje ya mji halifai tena kupimwa siku hiyo, maana kasi utakayoisoma itakuwa imekwisha kutiwa chumvi na jua.

Mimi ni fundi wa silaha. Kazi hii nilijifunza jeshini, na sasa nina karakana ndogo yenye leseni ambamo natengeneza na kukagua silaha za watu wanaozimiliki kihalali. Kazi ya leo imeletwa na mzee mmoja mwenye shamba la michungwa upande wa Muheza. Ana bastola ya silinda, yaani yenye ngoma inayozunguka ikiwa na matundu ya risasi, ya aina ya .44 Magnum, mtutu wake una urefu wa sentimita 15, na ana risasi za namna mbili. Za kwanza zimetoka kiwandani moja kwa moja. Za pili zimejazwa kwa mkono na fundi wa ng'ambo mwenye leseni ya kazi hiyo, zikaingizwa nchini kwa kibali. Mzee anataka kujua ni zipi azitegemee, na mimi naliona swali lake kuwa zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu silaha ya kujihami haipewi nafasi ya kujaribu mara ya pili.

Saa moja asubuhi. Nahesabu risasi zote mbele ya kijana wangu wa karakana, tunaandika idadi kitabuni, tunatia saini wote wawili. Tangu ilipotungwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, fundi makini huendesha shughuli zake kwa kalamu kabla ya kuziendesha kwa bisibisi, na mimi sina tatizo na hilo. Risasi isiyo na maandishi ni risasi iliyopotea hata kama iko mkononi mwako.

Baadaye naketi mezani na kalipa, kifaa cha kupimia urefu hadi sehemu ndogo za milimita. Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na watu wengi huiruka. Ganda la .44 Magnum lina urefu wa milimita 32.6, na risasi nzima, pamoja na kichwa chake, haitakiwi kuzidi milimita 40.9. Napima moja baada ya nyingine. Nakagua kitako cha kila ganda kuona kwamba fataki, kile kidude kinachowasha baruti, imezama vizuri, kwa kuwa fataki iliyochomoza inaweza kukwaruza bamba la nyuma na kuifanya silinda iwe nzito kuzunguka. Hapo risasi za mkono zinanivutia kwelikweli: uzito wake haupishani, vichwa vimekaa wima, na aliyezifunga ni mtu mwenye mkono mtulivu.

Jambo moja tu linanifanya nichukue lenzi. Mdomo wa ganda hukunjwa kwa ndani ili ushike mfereji mdogo uliochongwa kuzunguka kichwa cha risasi. Kwenye risasi za kiwandani pindo hilo limezama mferejini kabisa, ukipitisha ukucha hausikii ncha. Kwenye zile za mkono pindo ni jepesi, ukucha unanasa kidogo ukingoni. Naandika hivyo kitabuni bila kutoa hukumu. Hukumu itatolewa uwanjani.

Saa mbili. Mzee anafika. "Shikamoo mzee." "Marahaba, fundi, umeamka salama?" Tunakunywa chai ya maziwa kwa vitumbua, naye anauliza swali ambalo wateja wengi huuliza: je, risasi iliyofungwa kwa mkono inaweza kweli kushindana na ya kiwanda? Namweleza kwamba .44 Magnum yenyewe ni mtoto wa meza za watu waliokuwa wakijaza risasi zao wenyewe. Kulikuwapo kwanza .44 Special, iliyotoka mwaka 1907. Wawindaji na mafundi wa Marekani, anayejulikana zaidi akiwa Elmer Keith, waliijaza kwa nguvu kubwa kuliko kiwanda kilivyothubutu, kwa miaka mingi, hadi kampuni za Smith & Wesson na Remington zilipokubali na kutoa .44 Magnum mwishoni mwa mwaka 1955. Ganda jipya lilirefushwa kwa milimita tatu hivi makusudi, ili lisiweze kuingia kwenye bastola za zamani ambazo zisingestahimili nguvu yake. Hekima ya milimita hizo tatu naiheshimu sana, kwa sababu huko ni kumlinda mtu ambaye hujawahi kumwona na ambaye huenda hajui anachokishika.

Na nguvu hiyo si ya kuchezea. Ndani ya tundu la silinda shinikizo linaweza kufika zaidi ya mara elfu moja ya hewa iliyo ndani ya tairi la gari dogo. Chuma ndicho pekee kilicho kati ya shinikizo hilo na vidole vya mtu.

Saa tatu. Tunafika uwanja wa shabaha, ulio nje ya mji upande wa Pongwe, penye tuta refu la udongo nyuma ya mbao za shabaha. Naweka meza mita 25 kutoka kwenye karatasi. Makasha yote mawili yanakaa kivulini. Kifaa cha kupimia kasi nakiweka kama mita nne mbele ya mdomo wa mtutu. Kina macho mawili yanayotazama juu, kichwa cha risasi kikipita huangusha kivuli kwenye jicho la kwanza kisha la pili, na kifaa hukokotoa kasi kutokana na muda ulio kati ya vivuli hivyo. Ukikisogeza karibu mno, mshindo wa gesi unatangulia na kukidanganya. Juu yake nafunga viwambo vyeupe, kwa kuwa mawingu ya asubuhi ya Tanga huja na kuondoka, na mwanga unaobadilika huvuruga usomaji.

Mifuko ya mchanga naiweka chini ya viganja vya mikono, kamwe si karibu na silinda. Kati ya silinda na mtutu kuna upenyo mwembamba, na kila unapofyatua, gesi ya moto huchomoka pembeni kwa ukali wa kuchana kitambaa cha mfuko. Kidole kilichosogea hapo kitaumia vibaya. Mzee namwomba asimame nyuma yangu, avae miwani ya kinga na vizibo vya masikio, kisha aongeze vya pili juu ya vile vya kwanza. Mlio wa bastola ya namna hii unazidi desibeli 160, ilhali madhara ya papo kwa papo kwa masikio yanahesabiwa kuanza kwenye 140.

Saa nne kasoro robo. Tunaanza na za kiwandani. Kichwa chake kina uzito wa gramu 15 na nusu, na kifaa kinaonyesha kasi inayozunguka mita 370 kwa sekunde. Kwenye kasha kumeandikwa kasi ya juu zaidi, na mzee anadhani amepunjwa. Hakupunjwa. Kila mtutu una tabia yake, na mtutu wa majaribio wa kiwandani si lazima uwe na urefu wa huu wala upenyo wa silinda unaovujisha gesi. Kasi yenye maana kwa mzee ni ile inayotoka kwenye bastola yake, na hata hiyo inampa nguvu zaidi ya mara mbili ya bastola ya kawaida ya milimita 9. Tofauti kati ya risasi ya kasi kubwa na ya kasi ndogo ni mita 17 kwa sekunde, na matundu kwenye karatasi yametawanyika kwa sentimita tisa. Ni matokeo ya heshima, ingawa si ya kusimuliana barazani.

Moshi ni haba, unatawanyika na upepo kabla sijashusha mikono. Hapa Tanga moshi wa baruti una historia yake: katika mapigano ya Novemba 1914, Waingereza walipokuja kwa meli kuuteka mji kutoka kwa Wajerumani, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na bunduki za kizamani za mwaka 1871 zilizotumia baruti nyeusi, na kila walipofyatua wingu jeupe liliwaambia maadui mahali walipo. Waingereza waliporudi melini waliacha nyuma mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000, na risasi hizo zikawa akiba kubwa kwa Wajerumani.

Saa nne na nusu. Napumzisha bastola hadi mtutu upoe, kisha naingiza zile za mkono. Tofauti inaonekana mara moja. Kasi ni mita 390 kwa sekunde, na kati ya ya juu na ya chini kuna mita sita tu. Karatasini matundu yamekusanyika ndani ya sentimita tano. Kijana wangu anayeandika tarakimu anainua macho na kutabasamu, na mzee anasema wazi kwamba amekwisha kuchagua.

Namwomba asubiri, kwa sababu bado kuna kipimo ambacho kwangu ndicho cha mwisho katika bastola kubwa za silinda. Naweka risasi sita, moja wapo nimeipaka alama ya wino na kuipima urefu. Nafyatua tano. Ile yenye alama inabaki tunduni, ikipokea teke lote la wenzake. Bastola inaporushwa nyuma, ganda linakwenda nayo, kwa kuwa kitako chake kimeshikwa. Kichwa cha risasi kwa uzito wake kinataka kubaki kilipo, na kama mdomo wa ganda haukukishika sawasawa, kinachomoka kidogo kidogo kwenda mbele. Risasi ya kiwandani naitoa, naipima, urefu ni uleule wa asubuhi. Ya mkono imerefuka kwa nusu milimita. Narudia na nyingine, nayo imerefuka zaidi, inakaribia milimita nzima.

Katika marudio yanayofuata silinda inagoma. Nyundo haivutiki, kifyatulio hakisogei. Naielekeza bastola kwenye tuta, nasubiri, kisha naifungua taratibu. Pua ya kichwa cha risasi imechungulia nje ya uso wa mbele wa silinda na kukwama kwenye fremu. Namwita mzee aje aone kwa macho yake. Anaigusa ile pua kwa ncha ya kidole, ananyamaza kidogo, kisha anauliza, "Kwa hiyo mwanangu, zinazolenga vizuri ndizo unazozikataa?"

"Ndiyo mzee. Risasi ya kwanza ingekwenda ulipotaka. Ya tano au ya sita ingekataa kutoka, na bastola nzima ingekuwa imefungwa mkononi mwako."

Kijana anashauri tuzirudishe karakana tukaze midomo yake. Shauri lake linatokana na nia njema, lakini nalikataa palepale. Ukikaza pindo unabadilisha namna baruti inavyoanza kuwaka na shinikizo linavyopanda, na sisi hatujui ndani mna baruti ya aina gani wala kiasi gani. Aliyezijaza ndiye mwenye haki na wajibu wa kuzirekebisha. Tena leseni yangu ni ya kutengeneza silaha. Kufunga risasi si kazi niliyoruhusiwa, na hata ningeruhusiwa nisingegusa mzigo wa mwenzangu kwa kubahatisha.

Saa saba mchana. Tumerudi Ngamiani, tumeswali, tumekula wali wa nazi na samaki. Mzee amejilaza kwenye mkeka wa barazani.

Saa nane. Nasafisha bastola, kisha napanga maganda matupu kwenye trei kwa mfuatano wa yalivyofyatuliwa. Natazama fataki zake chini ya taa: zote zimebaki na ukingo wa mviringo, hakuna iliyobapa hadi kuenea kwenye shimo lake, na maganda yalitoka tunduni kwa kusukumwa na kidole. Hizo ni dalili njema kwa pande zote mbili, ila sizipi uzito kupita kiasi, kwa maana kwenye bastola za silinda dalili za shinikizo kubwa huonekana zikiwa zimechelewa. Kosa la risasi za mkono halikuwa nguvu. Fundi yule alipima baruti vizuri kuliko mashine ya kiwanda, akaja kushindwa kwenye pindo la mdomo ambalo halichukui hata sekunde chache kulifanya vema. Naliona jambo hilo kwa uchungu, kwa sababu kazi nyingine yote aliifanya kwa upendo.

Saa kumi alasiri. Naandika ripoti. Naeleza vipimo vya urefu kabla na baada ya mafyatuo, nashauri risasi za mkono zirudishwe kwa aliyezifunga kwa utaratibu ule ule wa vibali ulioziingiza, pamoja na nakala ya vipimo ili azikaze kwa kina zaidi au achague kichwa chenye mfereji unaofaa. Maganda na risasi zilizobaki tunazihesabu tena. Idadi inaoana na ya asubuhi, tunatia saini.

Mzee anasoma ripoti yote, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Anasema ataomba kibali cha kununua kasha jingine la kiwandani. Namwandikia pembeni namba ya toleo iliyopigwa muhuri kwenye kasha tulilolipima, na namwomba atafute namba hiyohiyo dukani. Akipata chapa ileile yenye namba nyingine, aniletee kwanza, kwa sababu kwangu hizo zitakuwa risasi nyingine, na zitaanzia kwenye kalipa kama hizi.