Siku moja kwenye meza ya mhariri: kubalansi habari saa kwa saa

Saa 2:00 asubuhi. Kikao cha habari. Kila mwandishi anaieleza stori yake kwa sentensi moja, nami nauliza: nani ataguswa na jambo hili, na je, amehojiwa? Upendeleo huanzia hapa, kabla neno halijaandikwa. Ratiba ikijaa hotuba za viongozi, wanaobeba uzito wa maamuzi yao hawasikiki wiki nzima, hata kama kila stori peke yake imeandikwa kwa haki.

Saa 4:00. Kuomba majibu. Anayetuhumiwa anaandikiwa tuhuma moja moja, zikiwa na namba, pamoja na saa ya mwisho ya kupokea jibu. Kumpigia mtu dakika kumi kabla ya kuchapisha kisha kuandika "hakupatikana" ni kumdhulumu. Akikosekana kweli, tunaeleza tulivyomtafuta: simu lini, ujumbe lini. Jibu lake likija linakaa karibu na tuhuma yenyewe, kwa sababu wasomaji wengi hawafiki aya ya mwisho.

Saa 6:00 mchana. Kazi ngumu kuliko zote: mizania ya uongo, yaani kuzipa pande mbili nafasi sawa wakati ushahidi wao hauko sawa. Rasimu ya habari ya afya inaletwa ikiwa na mtaalamu mmoja anayeitetea chanjo na mtu mmoja anayeipinga, aya tatu kwa tatu. Mwandishi anaamini amebalansi. Ninamrudishia.

Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la tiba la Lancet makala kuhusu watoto 12, iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na jarida likaiondoa makala hiyo mwaka 2010. Katikati ya miaka hiyo vyombo vingi vya habari vya Uingereza viliendelea kuyaweka madai na ushahidi kana kwamba vina uzito mmoja, na wazazi wengi wakasita kuwachanja watoto wao. Kosa la namna hiyo halikuisha. Agosti 2017 redio ya BBC ilimhoji mwanasiasa Nigel Lawson, aliyekuwa akiipinga sayansi ya mabadiliko ya tabianchi, kuhusu mabadiliko hayo, na mwaka uliofuata mdhibiti wa utangazaji, Ofcom, akaamua kwamba kauli zake hazikuhojiwa vya kutosha.

Kwa hiyo kabla ya kugawa nafasi natenganisha mambo mawili. Kodi ipande au ishuke ni suala la msimamo. Kila upande upewe nafasi ya haki. Chanjo inasababisha ugonjwa fulani au la ni suala la ushahidi. Hapo mwandishi anasoma tafiti, anawauliza wataalamu wasiofungamana na upande wowote, na anamweleza msomaji uzito uko wapi. Anayepinga anaweza kutajwa, lakini dai lake linasahihishwa aya ileile.

Saa 9:00 alasiri. Maneno na tarakimu. "Alidai" linatia shaka, "alikiri" linatia hatiani, "alifichua" linathibitisha. "Alisema" halina deni kwa mtu. Sentensi kama "waandamanaji watatu waliuawa" inamficha aliyeua. Akijulikana kwa ushahidi, atajwe. Hatari ikipanda kutoka mtu 1 hadi 2 kati ya 10,000, "imeongezeka maradufu" ni kweli inayotisha bure, hivyo tunaandika idadi zenyewe. Kura ya maoni ya watu 1,000 waliochaguliwa kwa nasibu ina ukingo wa makosa wa takriban asilimia 3 juu au chini. Asilimia 48 kwa 46 haitoshi kusema nani anaongoza.

Saa 11:00 jioni. Kichwa cha habari na picha. Kichwa mara nyingi huandikwa na mtu mwingine, kwa haraka, kikaahidi kisichomo ndani. Nakisoma peke yake, kama atakavyokisoma mwenye kuishia hapo. Wagombea wawili wapigwe picha za aina moja: mmoja asitabasamu huku mwenzake amenaswa kinywa wazi.

Saa 1:00 usiku. Malalamiko. Kulalamikiwa na pande zote si ushahidi wa kuwa katikati. Huenda tumewakosea wote. Kila lalamiko linapimwa kwa rekodi, na sahihisho linabandikwa kwenye habari yenyewe likisema kilichokosewa na lini kimerekebishwa. Kisha naingiza kwenye jedwali waliozungumza leo: viongozi, wataalamu, wananchi, wanawake, wanaume. Mwisho wa mwezi jedwali hilo ndilo linaloongoza orodha ya watu wa kupigiwa simu.