Wiki mbili ndani na uma mmoja

Haya wadau, nilipotea kidogo. Niliteguka mguu, tena kwa namna ya kijinga kabisa, ngazi tatu tu na nilikuwa nashuka huku nakagua picha kwenye simu, nikaambiwa nitulie nyumbani wiki mbili. Sasa mtu ambaye kila akipata nafasi anabeba kamera anaenda kuzurura, unamwambia akae ndani wiki mbili, hicho si kifungo jamani? Siku ya kwanza nililala. Ya pili nikapanga mafaili ya picha za zamani. Ya tatu nikaanza kuichukia dari ya chumba changu, maana ndo kitu pekee nilichokuwa nakiona.

Siku ya nne asubuhi jua likawa linaingia dirishani kwa ubavu, mezani kulikuwa na uma mtu kauacha, na kivuli chake kilikuwa kimerefuka kama mara nne ya uma wenyewe, kimepanda ukingo wa sahani meno yakajikunja kama vidole. Nikapiga kwa simu. Picha haikuwa nzuri wala nini. Ila nikasogeza uma kidogo nikapiga tena, nikageuza sahani nikapiga tena, nikalaza uma chali, nikapiga, hadi jua likahama na nikakumbuka kumbe sijameza dawa.

Nilivyokuja kuziangalia zile picha usiku nikashtuka kitu kimoja: kwenye ile nzuri kuliko zote uma haumo kabisa. Kuna kivuli tu. Yaani muda wote nilikuwa najisumbua kutafuta kitu cha kupiga picha wakati swali lilitakiwa kuwa hiki kitu kinaufanyia nini mwanga. Kuna vitu vinauzuia, kuna vinavyoupinda, kuna vinavyourudisha, na kuna vichache vinaupasua ukatoka rangi ambazo hujui zilikuwa zimejificha wapi. Basi na hilo swali ndo nikaanza kuzunguka nyumba nzima na mkongojo wangu, jikoni, bafuni, kwenye kabati la watu, mdogo wangu akawa ananiangalia tu.

Kitu cha kwanza kabisa, zima taa za ndani. Wengi hapa ndo tunaharibu. Taa ya dari ina rangi yake na mwanga wa dirisha una rangi yake, ukivichanganya nusu ya picha inakuwa njano nusu bluu na hamna programu itakayokunyooshea vizuri. Alafu taa nyingi za LED zinapepesa haraka mno kiasi jicho halioni, ila simu ikitumia shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya kasi unakuta mistari myeusi imepita kwenye picha (mi nilidhani simu imekufa, nikairestati mara tatu). Dirisha moja linatosha. Mwanga ukiwa mkali sana tundika shuka jeupe jepesi, vivuli vinalainika palepale, kwa sababu kinachofanya kivuli kiwe kikali au laini ni ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganisha na kitu chako. Tochi ya simu ni kijitundu kidogo, ndo maana kivuli chake kina makali kama kimekatwa na wembe. Na upande wa pili wa kitu, ule ulioko gizani, simamisha karatasi nyeupe uone unavyofunguka. Ukiweka nyeusi unazidi kuzama. Karatasi mbili, basi, studio ndo hiyo.

Kama unaona dirisha moja ni umaskini, kuna mpigapicha wa Kicheki alikuwa anaitwa Josef Sudek, alipoteza mkono wa kulia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na kati ya 1940 na 1954 alirudia tena na tena kupiga dirisha la studio yake pale Prague. Dirisha lilelile. Likiwa na ukungu, likiwa na matone ya mvua, kuna glasi ya maji pale ukingoni au hamna. Mi nalalamika wiki mbili.

Glasi ya maji ndo ilinichukulia siku nzima ya tano. Chora mshale mkubwa kwenye karatasi, uusimamishe nyuma ya glasi tupu ya mviringo, mbali nayo kidogo, haubadiliki. Sasa mimina maji pole pole huku unaangalia, sehemu iliyofunikwa na maji mshale unageuka unaelekea upande wa pili! Glasi ikijaa maji inakuwa lensi, ila ni lensi iliyopinda upande mmoja tu, kwa hiyo inabadilisha kushoto na kulia lakini juu na chini inaviacha. Tone la maji ni tofauti, lenyewe limepinda pande zote, kwa hiyo kila kitu kinasimama kichwa chini miguu juu. Nikatoa kioo cha fremu ya picha, nikakilaza juu ya rundo mbili za vitabu, chini nikaweka kitambaa chenye maua, alafu nikadondosha matone juu ya kioo kwa kutumia mrija. Kila tone likabeba ua lake. Mamia ya maua. Shida ni fokasi, simu inang'ang'ania ukingo wa tone wakati picha ndogo ya ua haiko pale pale ulipo ukingo, kwa hiyo gusa katikati ya tone kwenye skrini, funga fokasi, alafu sogeza simu yenyewe mbele nyuma kidogo kidogo hadi ikae sawa. Nilipiga kama themanini, nne ndo zinaeleweka. Na kile kioo futa kwanza, tena futa kweli, maana kwa karibu vile unywele mmoja unaonekana kama kamba ya meli.

Kwa kioo hichohicho unaweza kufanya ya mafuta, bakuli la kioo, maji, matone ya mafuta ya kupikia, karatasi za rangi chini kwa umbali kidogo. Inatoa miduara mizuri kama sayari, na tone la sabuni ya vyombo linasaidia mafuta yasigandamane pamoja. Ila nisiwafiche, hii kila mtu kaipiga, na kuosha lile bakuli baadaye ni adhabu. Moshi pia sina hamu nao. Unapiga mia, zote zinafanana, chumba kinanuka.

Sasa hii ndo nataka mjaribu hata leo. Unahitaji laptopu yenye skrini ya LCD, miwani ya jua ya polaroidi, na kitu chochote cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga, rula, kijiko cha plastiki, kasha la CD. Fungua ukurasa mweupe ujaze skrini yote. Weka miwani mbele ya lensi ya simu alafu izungushe taratibu, kama kweli ni polaroidi kuna mahali skrini itageuka giza tii japo bado inawaka (kama haibadiliki miwani yako ni ya urembo, pole). Ikishakuwa nyeusi, ingiza rula kati ya skrini na miwani. Nilipiga kelele. Rula niliyoitumia miaka yote ikawaka rangi za upinde wa mvua, zambarau, kijani, dhahabu, zimejibana kwenye kona na kuzunguka tundu.

Kinachotokea ni hivi. Mwanga unaotoka kwenye LCD umeshachujwa, unatikisika kwenye mwelekeo mmoja tu, na miwani ikikaa kwa kukingama nao inauzuia wote. Plastiki nayo ilipomiminwa kwenye kalibu ikapoa, mikazo ya pale ilibaki imefungiwa ndani, na palipo na mkazo mwanga unagawanyika mara mbili, mmoja unatembea haraka mwingine unachelewa, wakikutana tena kwenye miwani rangi nyingine zinapita nyingine zinazimika. Kwa hiyo zile rangi ni ramani ya mahali plastiki ilipobanwa. Wahandisi walikuwa wanatengeneza mifano ya plastiki ya vyuma na madaraja ili wauone mkazo kwa njia hii hii. Ukiukunja uma wa plastiki huku unaangalia, rangi zinakimbia kuelekea pale utakapovunjikia. Nikaja nikagundua na selotepu ile angavu inafanya kazi, unabandika vipande kwenye kioo vikipishana hovyo hovyo, kila tabaka linaleta rangi yake, nikatengeneza dirisha zima la rangi kwa selotepu isiyo na rangi. Miwani ilikuwa ya mdogo wangu. Ilirudi na alama za vidole, tumeyamaliza.

Vitu vya kung'aa vilinitesa. Kijiko hakipigiki, kila nikijaribu najiona mwenyewe, uso umevimba, simu mkononi, na nyuma chumba chote kichafu kimo humo. Nilichokuja kuelewa ni kwamba ukipiga kijiko unapiga kile kijiko kinachokiona. Kwa hiyo panga unachotaka kijiko kione: kizungushie karatasi nyeupe kama hema, acha tundu la lensi tu. Ndo hapo nikakumbuka Edward Weston, yule mpigapicha wa Marekani, 1930 alikuwa anahangaika na pilipili hoho moja, akaja kuitumbukiza kwenye mdomo wa faneli la bati, mwanga ukawa unadunda humo ndani pande zote, hoho ikatoka kama mgongo wa mtu mwenye misuli. Picha yenyewe inaitwa Pilipili Namba 30. Mi nikachukua soksi niliyoikunja ikawa mpira nikaiweka ndani ya bakuli la bati. Imetoka kama mnyama mdogo amelala. Nimeiweka kama picha ya simu na kila anayeiona anauliza ni wa aina gani.

Usiku tulifanya ya kuchora kwa tochi, hapa unahitaji msaidizi. Simu imeegemezwa kwenye vitabu, shata sekunde 20, taima ya sekunde 2 ili kidole chako kisiitikise, chumba giza, mtu anachora hewani. Mchoraji Picasso alifanya hivi 1949, mpigapicha Gjon Mili alimfuata Ufaransa, Picasso akachora fahali gizani kwa taa ndogo na mstari wote umekaa hewani. Mdogo wangu akasema fahali rahisi. Akachora. Limetoka birika. Tukaandika jina likatoka kinyume, maana mwandishi anaitazama kamera kwa hiyo kushoto kwake ni kulia kwa kamera, ukitaka lisomeke igeuze baadaye kwenye simu. Na avae nguo nyeusi, fulana nyeupe inabaki kwenye picha kama mzimu.

"Dada, sasa si utapona mguu uende nje upige watu?" akaniuliza. Nikamwambia nipe kadibodi kubwa na selotepu iliyobaki.

Hii niliiacha ya mwisho kwa sababu ina kazi. Tuliziba dirisha lote, kila ufa, hata chini ya mlango tukasokomeza taulo, alafu katikati ya kadibodi nikatoboa tundu la kama sentimita moja. Saa sita mchana, nje jua kali. Mara ya kwanza hatukuona kitu, mdogo wangu akaanza kunicheka. Subiri dakika kama tano macho yazoee. Kwanza ikaja bluu chini ya ukuta, nikadhani nimechoka. Ilikuwa anga. Alafu mti, umening'inia kichwa chini, majani yanatikisika. Mwanga unasafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ule wa juu ukipita kwenye tundu unaangukia chini na wa chini unapanda juu, mwanasayansi Ibn al-Haytham alishalichambua hili karne ya 11, na hakuna lensi, hakuna betri, ni kadibodi tu. Tundu likiwa dogo zaidi picha inakuwa kali lakini hafifu, likiwa kubwa kunang'aa ila kila kitu kinakuwa ukungu. Nikaweka simu sakafuni ikiangalia juu, shata sekunde 30, nikalala kitandani na mguu wangu juu ya mto.

Maana barabara ilikuwa imepanda hadi kwenye dari. Ileile dari. Akapita mtu na baiskeli, kichwa chini, anatoka kulia anaenda kushoto, taratibu, akaivuka taa, akaishilia kwenye kona juu ya kabati. Kwenye picha hayupo, sekunde 30 zimemfuta, umebaki mti na barabara tupu. Mguu umeshapona tangu Jumanne. Kadibodi bado hatujaibandua.