Waifai katika nyumba ya mawe: nilivyoipitisha intaneti kwenye ua

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Ni nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zinapita nusu mita kwa unene, na kwenye kizingiti cha dirisha unaweza kuweka sinia la kahawa na bado ukapata pa kuegemea. Tena ukuta si mmoja. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Chumba kikiwa kipana sana haifiki. Ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kiasi cha mita tatu kutoka ukuta mpaka ukuta. Mtu akitoka ukumbi wa mbele kwenda chumba cha nyuma anapita milangoni. Mawimbi ya waifai hayazunguki kufuata milango, yanakwenda moja kwa moja, na kila baada ya mita tatu yanagonga jiwe. Mvua za masika zikinyesha mambo huzidi, kwa sababu chokaa na matumbawe hunyonya maji, na maji humeza mawimbi.

Nayasimulia haya kwa sababu kila nikipita vichochoroni nawasikia majirani wakilalamika kwamba wanalipia intaneti ya kasi na chumbani hawaipati. Wengi huishia kubadilisha kifurushi, na kifurushi hakina kosa.

Kwetu faiba, waya unaoleta intaneti, inaingia upande wa kichochoroni, ghorofa ya kwanza. Fundi aliyekuja kuiunga aliiweka modemu, kisanduku kinachoipokea intaneti na kuirusha kwa waifai, ndani ya kidaka ukumbini, kwa kuwa ndipo palipokuwa na plagi karibu. Kidaka kinapendeza kwa birika na vyetezo, lakini kwa modemu ni mawe pande tatu. Mama chumba chake kiko nyuma, ng'ambo ya ua. Huko ndiko iliko televisheni, huko ndiko anakofuatilia darsa za moja kwa moja baada ya laasiri, na huko ndiko anakozungumza kwa video na kaka yetu aliyeko Uingereza. Picha ilikuwa ikiganda kaka akiwa katikati ya maneno, na Mama hubaki ameishika simu akiita, "Halo? Halo? Mwanangu, wanisikia?" Jambo hilo lilikuwa likiniuma, kwa sababu wiki nzima huwa anaingojea simu ile.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Kuna programu za bure za simu zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa desibeli, namba yenye alama ya kutoa mbele yake, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Karibu na modemu nilipata -45. Kwa video isiyokatika unataka kama -67 au bora zaidi. Kitandani kwa Mama ilikuwa -84, na hapo hata ujumbe wa maandishi huchelewa. Nikatembea na simu nyumba nzima, chumba kwa chumba, nikiandika namba kwenye karatasi. Kazi hii ndiyo iliyonifungua macho. Niliposimama kwenye dirisha la ukumbi linalotazama ua, mawimbi yalikuwa mazuri. Nilipokwenda ng'ambo, kwenye dirisha la Mama linalotazama ua huo huo, yalikuwa bora kuliko kitandani kwake, ingawa dirisha na kitanda vimo katika chumba kimoja. Kwa hiyo kidogo kilichokuwa kikimfikia hakikupita ukutani. Kilitoka dirishani, kikavuka hewa ya ua, kikaingia dirishani. Wazee waliojenga nyumba hizi waliacha ua katikati ili upepo na mwanga vipite, na njia hiyo hiyo intaneti nayo inapita.

Hapo nikajua kazi ni kuiboresha njia iliyopo. Kutoboa kuta sikutaka kabisa. Mji Mkongwe umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ipo mamlaka inayosimamia hifadhi yake, lakini hata pasingekuwa na kanuni yoyote nisingeingiza drili katika plasta ya chokaa. Inamong'onyoka vipande vipande, halafu mtu huja kuziba kwa saruji, saruji inafungia unyevu ndani, na ukuta unaanza kuoza ukiwa umesimama. Anayeipenda nyumba yake azibe kwa chokaa.

Dukani utaambiwa ununue ripita, kile kidude kinachochomekwa kwenye plagi. Binamu yangu anacho na nilikiazima nikakijaribu. Ripita ya kawaida ina redio moja inayofanya kazi mbili: inapokea kutoka kwenye ruta, yaani mashine inayorusha waifai, kisha inarusha tena kwa masafa yale yale, na haiwezi kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Kasi inashuka kwa takriban nusu papo hapo. Juu ya hapo, ukiiweka mahali ambapo mawimbi tayari ni dhaifu, inarudia udhaifu ule ule. Simu ilionyesha mistari yote imejaa, na darsa bado inaganda.

Nilichofanya ni hiki. Modemu niliiacha pale pale kwenye kidaka, kwa sababu waya wa faiba haupendi kukunjwa. Nikatoa waya wa netiweki kwenye modemu, nikaupitisha juu ya mlango kando ya boriti, nikaubana kwa vibanio kwenye mbao tu, mpaka dirisha la ukumbi linalotazama ua. Pale nikaweka ruta yenye redio mbili, ya masafa ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, nikaigeuza kuwa akses pointi, yaani kazi yake ni kurusha waifai tu. Ruta nyingi za siku hizi zina mahali pa kuchagua hali hiyo. Kama yako ni ya zamani na haina, unaifanya kwa mkono: unazima DHCP, huduma inayokipa kila kifaa anwani yake ya namba, ili ugawaji wa anwani ubaki kazi ya modemu peke yake, unaipa ruta anwani yake mwenyewe isiyogongana na ya modemu, kwa mfano modemu ikiwa 192.168.1.1 ruta iwe 192.168.1.2, na waya unauchomeka kwenye tundu la LAN, la vifaa vya nyumbani, si lile la WAN, la intaneti inayoingia. Mashine mbili zikigawa anwani katika nyumba moja, simu moja itapata intaneti na nyingine itakosa, na utadhani ni uchawi.

Waya nilinunua wa shaba tupu. Ziko nyaya za bei nafuu ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Ukikwangua uzi wake kwa wembe weupe wa alumini unatokea. Kwa mita chache zinaweza kufanya kazi, ila hukatika upesi zikikunjwa, na kwa hewa yetu ya chumvi sikutaka kubahatisha. Vichwa nilivibana mwenyewe, kwa mpangilio ule unaotumika zaidi: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, buluu, mweupe wa buluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Unazinyoosha nyuzi zote nane kwa kidole gumba, unazikata ziwe sawa, unazisukuma mpaka uone shaba imegusa mwisho wa kichwa cha plastiki, ndipo unabana. Ganda la nje la waya nalo liingie ndani ya kichwa, vinginevyo ukivutwa kidogo tu unachomoka.

Upande wa Mama nikaweka ruta ya pili, ya chapa ile ile, dirishani mwake, nikaiweka katika hali ya daraja. Majina hutofautiana: kwenye ASUS utaona Media Bridge, kwenye vifaa vingi vya TP-Link utaona Client. Maana yake ni kwamba ruta hiyo inaacha kuwa ruta. Inajiunga na waifai ya ng'ambo kama ambavyo simu ingejiunga, kisha inatoa intaneti kwa waya kupitia matundu yake ya LAN. Waya mmoja nikauingiza nyuma ya televisheni, ambayo waifai yake ya ndani ni dhaifu lakini tundu la waya inalo. Tundu la pili nikaunga ruta ndogo ya zamani, niliyoigeuza akses pointi ya gigahezi 2.4, kwa ajili ya simu ya Mama. Hapo hakuna kugawana nusu kwa nusu, kwa sababu ua unavukwa kwa gigahezi 5 na chumbani inatumika 2.4, redio mbalimbali.

Kwa nini chapa moja? Pakiti ya waifai, yaani kifungu kimoja cha data, kati ya ruta na mteja wa kawaida, kifaa kinachojiunga nayo, ina nafasi ya anwani tatu tu za vifaa, na hiyo inatosha mteja akiwa mmoja. Nyuma ya daraja kukiwa na vifaa kadhaa, inatakiwa nafasi ya anwani ya nne, na mtindo huo kila kampuni imeutengeneza kivyake. Wapo wanaotumia ujanja wa kubadilisha anwani ili ionekane kifaa ni kimoja, na mara nyingi unafanya kazi, lakini vifaa vya chapa moja huelewana bila kubembelezwa. Kama chapa ni tofauti, hakikisha duka linakubali kurudishiwa.

Gigahezi 5 niliichagua kwa makusudi. Haipenyi ukuta vizuri, lakini kwenye ua hakuna ukuta. Na 2.4 huku kwetu imejaa: hoteli, mikahawa na nyumba za wageni zimebanana, na njia (chaneli) zile tatu zisizoingiliana, ya 1, ya 6 na ya 11, zote zina wenyewe. Kwenye 5 nilikuta nafasi tele. Nikafunga njia ya 36 isibadilike yenyewe, kwa sababu ruta ikihama njia katikati ya darsa, daraja nalo hukatika mpaka liitafute upya.

Baada ya haya yote namba ya dirishani kwa Mama ilikuwa -70. Si mbaya, lakini kwa umbali ule mfupi wa hewa tupu nilitegemea zaidi. Nikaangalia dirisha vizuri. Nondo zake zimeachana vya kutosha, na wimbi la gigahezi 5 lina urefu wa kama sentimita 6, linapita katikati yake. Kilichokuwa kikizuia ni wavu wa mbu: wa chuma, wa matundu madogo. Nilipoufungua fremu yake huku nikitizama simu, namba ikapanda hadi -56 pale pale. Nikaufunga, ikashuka. Nikaufungua tena, ikapanda.

Mama akaja juu. "Mwanangu, ukinitolea wavu mbu watanila."

"Siuachi wazi, Mama. Natia wa plastiki. Mbu hapiti, mawimbi yanapita."

"Na huo wa plastiki utadumu?"

Nikamwahidi kuwa ukichanika nitaubadilisha mimi. Seremala wa mtaani aliugongomea siku ile ile, na ushauri wangu kwa yeyote mwenye shida hii ni kwamba kabla ya kununua mashine yoyote, atizame wavu wa madirisha yake. Vioo vya rangi vilivyopakwa utando wa metali navyo huzuia vivyo hivyo. Shata za mbao hazina neno.

Siku hizi televisheni ya Mama haigandi. Video ya kiwango cha HD inataka kama megabiti 5 kwa sekunde, na hapo dirishani napata mara nyingi ya hizo. Kaka akipiga, Mama anaishika simu akiwa amelala kitandani, wanaongea mpaka mmoja achoke.

Majina ya waifai niliyafanya yawe mamoja nyumba nzima, na nywila moja, ili simu ihame yenyewe mtu akitoka ukumbini kwenda nyuma. Ila simu nyingine hung'ang'ania mawimbi ya mbali hata yakiwapo ya karibu. Dawa yake ni kupunguza nguvu ya 2.4 kwenye ruta ya ukumbini. Ikifika kwa udhaifu, simu inaiacha. Na WPS, ile ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kwa namba fupi, nimeizima kila mahali, usalama nimeweka WPA2, kufuli ya nywila, kwani kwenye vichochoro vyetu jirani anakaa umbali wa mkono wa mtu mmoja.

Umeme nao lazima ufikiriwe. Anayekumbuka Unguja ilivyokaa gizani kwa miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, baada ya njia ya umeme wa kutoka bara kuharibika, hawezi kusahau. Modemu na ruta hizi kwa kawaida hutumia volti 12, na zipo betri ndogo za volti 12 zinazokaa katikati ya adapta na mashine. Angalia tu volti za betri zilingane na zilizoandikwa chini ya ruta, na ampea zake zisipungue. Nimeweka moja ukumbini na moja kwa Mama. Umeme ukikatika televisheni inazima, lakini simu yake inaendelea.

Wapwa zangu wa ghorofa ya pili wanaosomea mitihani ya skuli nao wamedai zamu yao. Kwao nitavuta waya, kwa sababu kuna bomba la maji ya mvua linalopanda uani mpaka juu na waya unaweza kulifuata bila kugusa ukuta. Nimeshanunua waya mweusi wa nje unaostahimili jua, na kabla haujaingia dirishani nitauacha uning'inie chini kidogo, maji ya mvua yadondokee hapo yasifuate waya kuingia ndani.